Nani Alikaa Matanga ya Atlantisi?

Mama Rukiah wa Kyebando hakumwamini mtu kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoa kwanza mkono dirishani. Ukimwambia wewe ni mtoto wa fulani, alikutazama masikio, akakutazama pua na namna ulivyokaa kwenye mkeka, kisha akauliza, "Nani alikuambia?" Ukijibu kwamba ni mama yako, alitaka kujua mama yako naye aliambiwa na nani. Wengi walichoka hapo hapo, wakamaliza chai yao wakaenda zao.

Na msimcheke. Kazi hiyo alipewa na vita. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka mwaka 1979, kuwa Mnubi mjini Kampala, mtu wa jamii iliyohesabiwa kuwa ya wanajeshi hao, lilikuwa jambo la kumfikisha mtu kaburini. Watu walivua majina yao kama nguo zilizoshika moto. Hata Marjan, kaka yake Rukiah, dereva wa basi, alijiita Mulindwa miaka mingi na akajifunza kuitikia. Vita vilipokwisha mwaka 1986, Wanubi walianza kurudi kutoka Zaire, Sudan na Kenya, na kila aliyerudi alirudi na hadithi. Wajukuu wa wapishi wa jeshi walirudi wakiwa wajukuu wa maofisa. Waliokuwa wapangaji walirudi wakidai walikuwa na nyumba za ghorofa. Bwana mmoja aliyekimbia na mke huyu alirudi na mke mwingine kabisa, akashikilia kwamba ni yule yule, ila amenenepa.

Sasa wewe una binti, na mwanamume amekuja kuposa. Utajuaje kama hujauziwa mbuzi ndani ya gunia? Ulimtuma Rukiah. Alikuwa fundi wa kusuka kawa zile za rangi za kufunikia chakula, na alijitwika chache kichwani, akaenda mpaka mtaa wa mposaji, akajifanya muuzaji. Alikaa na wanawake, akasifu watoto wao, akauliza. Zaidi ya yote aliulizia misiba. Harusini mtu anaweza kujaza ukumbi kwa watu wa kuazima, alisema Rukiah, lakini nani atakuja kulala chini kwenye matanga ya mtu asiyemjua? Kwa hiyo alitaka majina: nani alikaa matanga ya bibi yake huyu kijana, nani alipika, nani aliosha maiti. Kisha alirudi, na mbele ya wazee alisema moja kati ya mambo mawili. Ama, "Watu wake nimewaona," na shughuli ikaendelea. Ama, "Sikupata mtu." Akisema hivyo, birika liliondolewa mezani na mposaji akatafuta viatu vyake.

Nyuma ya mgongo wake walimwita Mama CID. Alijua, na wala hakuchukia.

Mwaka 2000 zamu ikaja nyumbani kwake. Sumayiya, binti ya Marjan, alilelewa na Rukiah tangu mama yake alipofariki. Alishona sare za shule kwenye duka moja la Kawempe, na siku moja akaja fundi wa kuchomelea vyuma kupachika geti la duka hilo. Aliitwa Huzaifa. Geti lilikwisha, lakini fundi aliendelea kuja kulikagua, na kila mara alikuta bawaba yenye kasoro. Mwishowe akatuma salamu kwa Marjan.

"Ni Mnubi, anasema," Marjan alimwambia dada yake. "Kwao Hai Sabuni, upande wa Arua. Wewe unajua Hai Sabuni?"

"Sijasikia."

"Na mimi nimeendesha basi ya Arua miaka kumi, sijasikia. Kale, sawa, nenda uliza. Ukirudi ukisema hakuna mtu, hapo imeisha. Mimi sitatoa mtoto kwa mtu hana kwao."

Sumayiya alimngoja shangazi yake nje, kando ya jiko. Hakulia wala hakununa. "Shangazi, uliza vizuri," alisema. "Ukisema hapana, nitakaa. Lakini sitaolewa na mwingine. Wewe unajua mimi si mtu wa kutisha watu."

Rukiah alijua. Ndiyo maana roho ilimkaa juu tangu siku ile, na ndiyo maana alizidi kumshuku yule kijana. Mwanamume anayepata mapenzi ya namna hiyo kwa kukagua bawaba hakosi kuwa na jambo analoficha.

Alianza na Bombo, ambako Wanubi ni wengi. Alimuuliza mama mmoja aliyekulia Arua. Hakuijua Hai Sabuni. Alimuuliza mzee aliyekuwa fundi viatu huko. Akasema labda ni mtaa uliokuwa karibu na mto, labda sio. Mwingine akasema ndiyo, ipo, lakini alipobanwa kidogo ikaonekana anamaanisha sabuni ya dukani. Rukiah akajitwika kawa zake akaenda Kamwokya, kwenye karakana alikofanya kazi Huzaifa.

Karakana ilikuwa ya Mkenya mmoja, Khaemba, Mkristo kutoka Bungoma, na mkewe Nafuna alikaanga chapati mbele yake. Rukiah alikaa kwenye benchi, akanunua chapati asiyoitaka, akaanza kuzunguka mbali.

"Huyu kijana wa kuchomelea ni mpole, eeh?"

"Huzaifa? Mpole sana," Nafuna akajibu. "Hanywi, hapigani, haibi waya. Ila ako na ile ugonjwa yake."

Rukiah aliacha kutafuna. "Ugonjwa gani tena?"

"Ile nchi yake ilizama. Alipata kitabu barabarani, imeraruka, haina hata jalada. Sasa ni nchi imezama asubuhi, nchi imezama jioni. Atalantisi sijui nini. Bwanangu anasema hiyo moshi ya vyuma imeingia kichwa."

Hapo Rukiah aliona kila kitu wazi. Kijana anadai kwao ni mahali pasipojulikana na mtu. Kijana huyo huyo anashinda akisoma habari za nchi ambayo haipo. Hii Hai Sabuni ameitoa kitabuni. Alijisikia vizuri, kama anavyojisikia mtu aliyeipata kokoto kwenye mchele kabla haijafika jinoni.

Huzaifa alipotoka kunywa chai, akamkuta pale. Hakudanganyika hata kidogo na zile kawa. "Wewe ni Shangazi ya Sumayiya," alisema, akachuchumaa kumwamkia kwa heshima. "Alisema utakuja. Niulize, Shangazi."

Hilo pia lilimtia Rukiah wasiwasi, kwa sababu mtu mwema huwa anababaika kidogo. Akasema, "Nasikia una nchi imezama. Niambie hiyo kwanza."

Kijana akang'aa uso. Alichukua kawa moja, akaiweka magotini mwake, na kwa kidole chenye makovu ya cheche akaanza kuonyesha. Hapa katikati, kwenye kitovu, palikuwa na hekalu. Ukanda huu ni maji, ukanda huu ni nchi kavu, huu maji tena, na kuta zake zilifunikwa kwa shaba na bati na madini mengine yaliyong'aa kama moto. Kisiwa kikubwa, wafalme kumi, tembo, farasi, meli zisizohesabika. Waliondoka huko nje ya mlango wa bahari wakaja kuvamia mataifa. Kisha tetemeko na mafuriko, na kwa mchana mmoja na usiku mmoja kisiwa chote kikaenda chini.

"Nani alisema?" aliuliza Rukiah.

"Mwanafalsafa mmoja, Myunani wa zamani."

"Aliona?"

"Hapana, Shangazi. Ilikuwa miaka elfu tisa imepita."

"Elfu tisa! Aliambiwa na nani?"

"Anasema iko mzee alihadithia, aliisikia alipokuwa na miaka kumi."

"Kwa nani?"

"Kwa babu yake, na huyo babu alikuwa karibu miaka tisini."

"Wa tisini na wa kumi," alisema Rukiah. "Mashahidi wazuri hao. Babu alitoa wapi?"

"Kwa baba yake. Na baba yake kwa mzee mwingine wa Athene. Na huyo mzee aliambiwa na makuhani wa Misri."

"Na hao makuhani, watu wengine wa Misri waliwasikia?"

"Hakuna aliyeonekana bado."

Nafuna aliacha chapati iungue. Rukiah alijisogeza mbele, maana sasa alikuwa kazini kabisa. "Hivyo vita, nani alishinda?"

"Athene. Walikuwa wachache, lakini walishinda."

"Na huyu anayehadithia ni mtu wa wapi?"

Huzaifa akatabasamu. "Wa Athene."

"Ahaa! Na mwisho wake?"

"Haina mwisho. Mungu wao mkubwa anaita mkutano, anafungua mdomo aseme, na maandishi inakatika pale."

"Alisikia miguu ya mtu inakuja," alisema Rukiah. "Mwongo hukatiza palepale anaposikia miguu ya mtu. Kijana, hiyo nchi haikuwepo. Wajinga wameitafuta?"

"Wametafuta sana. Mmoja anasema iko bahari hii, mwingine bahari ile. Kuna kisiwa cha Wayunani, mlima yake ililipuka zamani, wengine wanasema labda stori ilianzia hapo. Lakini wasomi wengi wanasema ni kutunga tu, alitaka kufundisha watu wasijivune. Najua, Shangazi. Si kama sijui."

Jibu hilo lilimvuruga. Alikuja kukamata mjinga au tapeli, na huyu hakuwa mjinga. "Basi mbona unashinda unasoma?"

"Hao wafalme siamini. Tembo siamini. Lakini hiyo ya kwenda yote kwa siku moja, hiyo naamini."

Rukiah akatoa swali lake kubwa, lile lililowashinda wote. "Nchi nzima imekufa, na hakuna jirani alikuja kulia? Nani alikaa matanga?"

Huzaifa aliirudisha ile kawa taratibu. "Nani angekaa, Shangazi? Wale wa kukaa wote walikuwa ndani."

Ndipo akaeleza habari za Hai Sabuni, bila kuulizwa. Haikuwa hata mtaa, ilikuwa safu ya nyumba za Wanubi nje ya mji, kwenye njia ya mto. Mwaka 1980 askari waliokuja kulipiza waliipitia asubuhi, na jioni haikuwepo. Yeye alikuwa na umri wa miaka mitano hivi. Mwanamke Mlugbara, wa kabila la huko, aliyekwenda kuteka maji alimkuta kwenye mahindi, akavuka naye mpaka Zaire, akamlea kwa kuuza karanga, akafa kabla hawajarudi. Alikumbuka kitambaa cha bluu na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Uso wa mama yake hakuukumbuka, wala jina, kwa sababu alimwita Mama tu.

"Nilirudi kutafuta," alisema. "Wamelima mihogo. Nikauliza watu wa hapo, wakasema hapa siku zote ni mihogo."

Rukiah alisema tutaonana, akajitwika mzigo wake. Njiani alikasirika. Aliikasirikia hadithi yenyewe kwa kuwa nzuri mno. Mtoto aliyeokotwa kwenye mahindi, shahidi wa pekee amekufa, mahali penyewe pamelimwa: ni hivyo hivyo ambavyo mwongo mwenye akili angepanga. Akazunguka tena Kawempe na Bwaise akiwauliza watu wa Arua. Akarudi tena Bombo. Hakuna aliyemkana Huzaifa, na hakuna aliyemjua. Kila alipopiga magoti kuswali alimwona yule kijana akitazama shamba la mihogo, na kila aliposimama alijiambia asiwe mpumbavu.

Siku ya wazee ilikuwa Jumapili, baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwa Marjan. Haji Abudu, mkubwa wa ukoo, aliketi kwenye kiti chenye mto. Wanaume walijaa mkekani, wanawake wakakaa barazani karibu na mlango. Sumayiya alikuwa chumbani, na mlango wa chumba uliachwa wazi kiasi cha sikio.

Huzaifa aliingia na watu wake, na mtaa wote ukauma midomo usicheke. Watu wake walikuwa Khaemba na wachomeleaji wa Kamwokya. Khaemba alikuwa amevaa kanzu ya kuazima iliyoishia kwenye mashavu ya miguu, na kofia ameiweka nyuma mbele. Alisema "Salaam aleikum" kwa sauti ya kwaya.

"Karibuni," alisema Haji Abudu. "Huyu kijana, watu yake ni nani?"

"Ni sisi, Mzee," akajibu Khaemba.

Hapo kicheko kikapasuka. Marjan hakucheka. Khaemba aliwatazama mmoja mmoja, jasho likimtoka, lakini hakuketi. "Mnicheke tu, ni sawa," alisema. "Nimekaa na huyu kijana miaka sita. Akiugua ni sisi. Akifa ni sisi tutazika. Sasa kama kuna watu wengine, mimi sijawaona."

"Asante, Mkenya," alisema Haji Abudu, si kwa ubaya. Akageuka mlangoni. "Rukiah. Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Umeona nini?"

Ilikuwa ni kusema tu. Sikupata mtu. Ni kweli tupu, na katika maisha yake yote hakuwahi kusema mbele ya wazee neno asilolithibitisha. Lakini alijua pia neno hilo linasikikaje kwenye chumba kile. Miaka yote hiyo alipolisema, hakuna aliyesikia kwamba Rukiah hakupata mtu. Walisikia kwamba mposaji ni mwongo, na yeye mwenyewe aliwaacha wasikie hivyo. Huzaifa alikuwa ameinama akitazama mikono yake. Hakumwomba kwa macho. Angemwomba, pengine Rukiah angepata nguvu ya kumkataa.

"Mama yake nilimjua," alisema.

Rukiah alisikia sauti yake ikiendelea bila yeye, na alishangaa jinsi ilivyokuwa imara. "Bakhita binti Farajalla, wa Hai Sabuni. Alikuja hapa Kampala kwenye harusi, kabla ya vita. Alilala kwetu. Huyu mtoto alikuwa mgongoni."

"Nani mwingine alimjua?" aliuliza Marjan kwa haraka. Alimtazama dada yake kama anavyotazama injini inayotoa mlio mpya.

Hapo Rukiah alikwama. Alitafuta jina la marehemu yeyote wa kumsingizia, na hakulipata. Ndipo Haji Abudu akapiga goti lake kwa kiganja.

"Bakhita!" alisema. "Bakhita wa Farajalla! Mwembamba, mrefu kidogo? Namkumbuka huyo. Alipika ile bamia siku ya harusi, watu wakalamba vidole."

"Ndiye," alisema mwanamke mmoja barazani. "Alikuwa na mwanya."

Rukiah alishika mwimo wa mlango. Jina hilo lilimjia mdomoni muda mfupi uliopita, na tayari lilikuwa na bamia na mwanya. Alimtazama Haji Abudu, mtu aliyehiji, mtu asiyesema uongo, na akaona kwamba hakuwa akidanganya. Alikuwa anakumbuka. Marjan naye alikuwa anatikisa kichwa taratibu, akijaribu kukumbuka. Wakasoma Fatiha. Kutoka chumbani ilisikika sauti ndogo, kisha mlango ukafungwa.

Watu walipoanza kula, Rukiah alikimbilia nyuma ya nyumba, akachukua sufuria lililokuwa safi akaanza kulisugua. Alijiambia kesho atamwita kijana faraghani. Atamwambia kweli: nilisema vile ili upate mke, usiyaweke moyoni. Huyu si mjinga, amesoma, ataelewa.

Huzaifa alitokea kwenye kona kabla hajamaliza kupanga maneno. Alichuchumaa mbele yake bila kujali suruali yake mpya. Alikuwa amelia.

"Shangazi," alisema. "Siku ile Kamwokya, mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kuwa na hakika kwanza."

"Bakhita," alisema, akilionja jina. Alimtazama machoni, na Rukiah, ambaye maisha yake yote alichunguza macho ya watu, aliyajua macho yale. Yaliamini, hayakuuliza nani alimwambia. "Sikujua kama alikuwa na jina zuri hivyo. Shangazi, alikuwa anaimba? Alipokuwa ananilaza, hapa kwenu, alikuwa anaimba?"

Hii ndiyo ilikuwa nafasi ya kumwambia kweli, na Rukiah aliiona vizuri. Aliweka sufuria chini. Ndani walikuwa wanacheka, na Khaemba alikuwa anafundishwa kula kwa mkono mmoja.

"Alikuwa anaimba," alisema.

"Wimbo gani?"

Mama Rukiah alifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kigoda, na kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, akamwimbia wimbo aliolazwa nao yeye mwenyewe na mama yake.